Homa, kikohozi na kuhara katika nyumba yenye ndege: jinsi ya kutafuta chanzo

Mgonjwa mwenye homa akifika zahanati katika mji wowote wa Afrika Mashariki, ataulizwa ameanza kuumwa lini, amesafiri wapi na kama analala ndani ya chandarua. Ni mara chache ataulizwa kama nyumbani kwake kuna ndege. Swali hilo likikosekana, matibabu yanaweza kwenda kombo, kwa sababu bakteria kadhaa wanaobebwa na kasuku, njiwa, chiriku na vifaranga huleta dalili zinazofanana mno na malaria, taifodi au nimonia ya kawaida, na mmoja wao hasikii kabisa dawa ambayo wengi huanza nayo. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma kwenye chanzo. Haukukusudiwa kumfanya msomaji ajitibu mwenyewe. Umekusudiwa kumwezesha kumpa mtaalamu wa afya habari ambazo mtaalamu huyo, kwa foleni anayoikabili, huenda asipate nafasi ya kuziuliza.

Homa na kichwa kikali, lakini malaria haionekani

Kipimo cha haraka cha malaria kikiwa hakionyeshi kitu, na mgonjwa ana homa iliyoanza ghafla, baridi ya kutetemeka, misuli inayouma na kichwa kinachogonga kuliko anavyokumbuka kuumwa kabla, basi hesabu siku kurudi nyuma. Homa ya kasuku, ambayo wataalamu huiita sitakosisi na ambayo husababishwa na bakteria Chlamydia psittaci, kwa kawaida hujitokeza siku 5 hadi 14 baada ya mtu kuvuta hewa yenye vumbi la kinyesi kikavu, la manyoya au la makamasi ya ndege mwenye maambukizi. Kwa hiyo kilichotokea jana hakisaidii sana. La kujiuliza ni kilichotokea wiki 1 au 2 zilizopita: je, kuna ndege mpya aliyeletwa nyumbani? Je, kuna aliyefagia tundu lililokuwa limekaa muda mrefu bila kusafishwa, aliyemhudumia ndege aliyekuwa amezubaa, au aliyemlisha kasuku kwa mdomo wake mwenyewe kama ilivyo desturi ya baadhi ya wafugaji?

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea njia. Malaria isipoonekana, hatua inayofuata katika vituo vingi ni kipimo cha Widal cha taifodi. Kipimo hicho hutafuta kingamwili katika damu, na udhaifu wake unajulikana: huweza kutoa jibu chanya kwa mtu asiye na taifodi, hasa mahali ambapo wakazi wengi wamewahi kukutana na bakteria wa jamii hiyo au kupata chanjo. Jibu likishakuwa chanya, uchunguzi hukoma. Mambo huzidi kuchanganyika kwa sababu homa ya kasuku, sawa na taifodi, inaweza kuufanya moyo upige polepole kuliko mtu angetarajia kwa homa kali namna ile, na hesabu ya chembe nyeupe za damu mara nyingi huwa ya kawaida, jambo linalomfanya mpimaji afikiri kwamba hakuna bakteria wa kumtafuta. Ieleweke pia kwamba taifodi yenyewe haitoki kwa ndege. Salmonella Typhi huishi ndani ya binadamu peke yake. Mtu anayeambiwa ana taifodi kila baada ya miezi michache, na ambaye nyuma ya nyumba yake kuna banda la njiwa, ana sababu nzuri ya kuomba damu yake ioteshwe maabara, ili bakteria wenyewe watafutwe, badala ya kurudia Widal, na ya kutamka wazi kwamba anafuga ndege.

Kikohozi kikavu na nimonia isiyosikia amoksilini

Baada ya siku chache za homa, kikohozi kikavu hufuata, na picha ya eksirei ikipigwa huonyesha nimonia kubwa kuliko mtu angedhani kwa kusikiliza kifua tu. Mgonjwa hupewa amoksilini, huimaliza, na hali haibadiliki. Hiyo ndiyo dalili ninayoipa uzito kuliko zote katika mwongozo huu. Amoksilini na ndugu zake hufanya kazi kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria, lakini Chlamydia psittaci hukaa na kuzaliana ndani ya seli za mwili, na ukuta wake haujengwi kwa namna ambayo dawa hizo huitegemea. Dawa inayofaa ni ya jamii ya tetrasaiklini, na kwa kawaida daktari huchagua doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa mtu mzima. Homa ikianza kushuka ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya dozi ya kwanza, hiyo yenyewe ni ishara kwamba dhana ilikuwa sahihi, ingawa si ruhusa ya kuacha vidonge: matibabu huchukua siku 10 kwa uchache, na mara nyingi huendelea hadi wiki 2 baada ya homa kuisha, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kurudi.

Wanaotumia doksisaiklini wasiimeze pamoja na maziwa, vidonge vya kutuliza asidi ya tumbo au vidonge vya kuongeza madini ya chuma, kwa maana madini hayo hushikamana na dawa na kuizuia isiingie mwilini. Wajawazito na watoto wadogo huangaliwa tofauti, na kwao daktari huweza kuchagua azithromaisini. Mjamzito mwenye homa na kikohozi aliyekaa karibu na ndege asisubiri hata siku moja, kwani ugonjwa huu unaweza kuwa mkali sana katika ujauzito na kumdhuru mtoto tumboni. Kabla ya kuwapo kwa antibayotiki, homa ya kasuku iliua wagonjwa 15 hadi 20 katika kila 100. Kwa matibabu ya mapema, vifo ni chini ya 1 katika 100. Tofauti yote hiyo iko katika dawa kuanza mapema, na dawa huanza mapema pale tu mtu anapomtaja ndege.

Uthibitisho wa maabara upo, ama kwa kipimo cha kutafuta vinasaba vya bakteria katika makohozi au ute wa koo, ama kwa kulinganisha kingamwili katika damu iliyochukuliwa mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa. Vipimo hivyo havipatikani kila mahali, na ndiyo maana daktari mwenye busara huanza matibabu kwa kutegemea historia, bila kungoja majibu. Kikohozi kinachozidi wiki 2, hata hivyo, kipimwe kifua kikuu kwanza, ndege awepo asiwepo. Na kama jibu la kifua kikuu ni chanya, mfikirie kasuku kwa upande wa pili: bakteria wa kifua kikuu cha binadamu wamewahi kupatikana kwa kasuku walioambukizwa na wenye nyumba, hasa wale wanaolishwa chakula kilichotafunwa.

“Lakini mimi sijawahi hata kumgusa”

Jibu hili husikika mara nyingi, na wengi hulitumia kumwondolea ndege lawama. Historia inalikanusha vizuri. Mwishoni mwa 1929 na mwanzoni mwa 1930, kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini walieneza homa hii katika miji ya Ulaya na Marekani, hata Rais Herbert Hoover akapiga marufuku uingizaji wa kasuku nchini mwake mnamo Januari 1930. Katika maabara ya serikali mjini Washington, ambako Charles Armstrong alikuwa akiuchunguza ugonjwa huo, kasuku waliwekwa chini kabisa ya jengo. Msaidizi wake aliugua akafa, Armstrong mwenyewe akaugua, na baadhi ya wafanyakazi wa sehemu nyingine za jengo, ambao hawakuwa na kazi yoyote na wale ndege, wakaugua pia. Bakteria walikuwa wamepanda na vumbi.

Kwa nyumba ya kawaida maana yake ni kwamba aliyekaa sebuleni wakati tundu linapopigwa ufagio mkavu kwenye baraza, huku feni ikizunguka, amekuwa karibu na ndege vya kutosha. Fundi aliyekuja kwa siku moja, mgeni aliyelala chumba cha jirani na msichana wa kazi anayefagia kila asubuhi wote wanaingia katika hesabu. Kinyume chake, mgonjwa kumwambukiza mtu mwingine ni jambo la nadra sana. Watu 2 wa nyumba moja wakiugua pamoja, mara nyingi wote wamevuta vumbi lilelile.

Kikohozi kinachokuja saa chache baada ya kuingia bandani

Wafugaji wa njiwa wanaifahamu hali hii hata kama hawaijui kwa jina. Mtu husafisha banda asubuhi, na saa 4 hadi 8 baadaye kifua kinabana, anakohoa, anapata homa na baridi, kisha kesho yake yu mzima. Akisafiri wiki nzima haumwi. Akirudi, hali inaanza tena. Huo si ugonjwa wa bakteria. Ni mapafu kuchukia protini zilizomo katika vumbi la manyoya na kinyesi, na antibayotiki haitaleta nafuu yoyote hata ikibadilishwa mara ngapi. Ukipuuzwa kwa miaka, mapafu huweza kupata makovu yasiyoondoka, na mara nyingi ushauri wa mwisho wa daktari ni mtu kuachana na ndege kabisa, jambo ambalo mfugaji mwenye njiwa wa kurithi hupenda kulisikia katika hatua za mwisho tu.

Kinyesi cha njiwa kilichorundikana kinaweza pia kubeba kuvu, ambao ni viumbe tofauti na bakteria, na mmoja wao huleta homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye kinga dhaifu. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI na ambaye kinga yake imeshuka asipewe kabisa kazi ya kukwangua banda la zamani.

Mtoto anaharisha, na nyumbani kuna vifaranga

Kifaranga cha siku chache hupendeza mkononi mwa mtoto, na mtoto huishia kukibusu. Tatizo ni kwamba kuku na bata hubeba Salmonella tumboni bila kuonyesha ugonjwa wowote, na bakteria hao hujipaka kwenye manyoya, miguu, maji ya kunywa na mikono. Kuhara, homa na msokoto wa tumbo huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kuwameza, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 4 hadi 7. Katika hali hiyo ya kawaida kinachomtibu mtoto ni maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, antibayotiki haihitajiki.

Kuna watoto, hata hivyo, ambao kwao hali hii si ya kawaida. Mtoto mwenye siko seli anaweza kupata Salmonella iliyoingia kwenye damu na kutua katika mifupa, na maumivu yake ya mfupa yakadhaniwa kuwa ni yale anayoyapata siku zote. Mtoto mwenye utapiamlo, aliyetoka kuugua malaria kali, au anayeishi na virusi vya UKIMWI naye yumo katika hatari ya bakteria kuingia katika damu, na hapo mara nyingi haharishi sana. Huwa na homa tu. Homa ya namna hiyo kwa watoto hawa inahitaji hospitali.

Kuhara damu, kunakoanza siku 2 hadi 5 baada ya kukutana na bakteria, kunaelekeza zaidi kwa Campylobacter, ambaye naye hukaa kwa kuku na bata bila kuwasumbua. Mara chache, wiki chache baada ya kuhara kuisha, mgonjwa huanza kulegea kuanzia miguuni kwenda juu, na hiyo ni dharura. Kabla ya kuwalaumu vifaranga, hata hivyo, angalia pia jikoni: ubao uliokatiwa kuku mbichi na kisha kachumbari ni chanzo cha kawaida zaidi kuliko ndege aliye hai.

Kidole kilichodonolewa hakihitaji maelezo marefu. Kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kikivimba, kikiwa chekundu au kikitoa usaha, ni kituo cha afya, na chanjo ya pepopunda iangaliwe.

Kumchunguza ndege mwenyewe

Wafugaji humtazama ndege machoni, lakini habari nyingi ziko chini ya tundu. Tandika karatasi nyeupe jioni na uitazame asubuhi. Kinyesi cha ndege mzima kina sehemu tatu zinazoonekana wazi: uzi wa kijani iliyokolea au kahawia unaotoka kwenye utumbo, chokaa nyeupe inayotoka kwenye figo, na maji kidogo yaliyolowanisha karatasi pembeni. Ile chokaa ikigeuka kuwa ya kijani kibichi au ya njano, ini linasumbuka, na homa ya kasuku ni mojawapo ya sababu kubwa. Kabla ya kuogopa, jiulize alikula nini jana, kwa sababu mchicha na matunda hubadilisha rangi ya ule uzi. Chakula, lakini, hakiifanyi chokaa kuwa ya kijani. Dalili nyingine ni manyoya yaliyofura mchana wa joto, macho yenye ute, pua iliyoziba, kukonda kwa kifua hadi mfupa wake kukwaruza kidole, na kunyamaza kwa ndege aliyekuwa mlalamishi.

Kukosekana kwa dalili, hata hivyo, hakumwondoi ndege katika orodha. Kasuku anaweza kubeba bakteria kwa muda mrefu akiwa anakula na kuimba, akiwatoa kwa vipindi, na vipindi hivyo huja zaidi anapopata msukosuko: safari, msongamano, baridi, kutaga, au kuhamishwa nyumba. Ndiyo maana ndege aliyenunuliwa juzi ana hatari kuliko yule wa miaka 10, na ndege aliyekamatwa porini na kusafirishwa kwa kificho amepitia kila jambo linalowaamsha bakteria. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu Januari 2017, kwa hiyo biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku; anayeuziwa kasuku wa aina hiyo bila karatasi yoyote ananunua kesi na pengine nimonia kwa bei moja.

Ndege mpya akae peke yake kwa siku 30 kwa uchache, katika chumba kingine, akihudumiwa baada ya wengine, na vyombo vyake visichanganywe na vyao.

Kutibu na kusafisha bila kueneza

Kosa linalofanyika sana ni kununua unga wa oksitetrasaiklini katika duka la dawa za mifugo na kuuchanganya kwenye maji ya kunywa kwa siku 5. Maji yenye dawa ni machungu, ndege hupunguza kunywa, na kiwango kinachoingia mwilini kinatosha kuzificha dalili na kuvuruga vipimo lakini hakitoshi kuwaua bakteria. Tiba inayokubalika ya homa ya kasuku kwa ndege ni doksisaiklini kwa siku 45, kwa kiwango anachopanga daktari wa mifugo kulingana na uzito. Katika siku hizo mfupa wa ngisi, ambao watu wa pwani huuokota ufukweni na kuuning'iniza tunduni, uondolewe, pamoja na maganda ya mayai na unga wa chokaa, kwa sababu kalsiamu yake huishika dawa kama maziwa yanavyoishika kwa binadamu.

Usafi nao una utaratibu wake. Mtoe ndege chumbani, zima feni, vaa glavu na barakoa inayobana uso vizuri, kisha nyunyizia karatasi na sakafu ya tundu maji ya sabuni hadi vilowe kabisa kabla ya kugusa chochote. Kinyesi kilicholowa hakipeperuki. Kilichokauka kinaweza kubaki na bakteria hai kwa miezi. Kunja karatasi kwa ndani, iweke kwenye mfuko na uufunge, halafu sugua tundu kwa sabuni. Jiki ifuate baada ya uchafu kuondoka, si kabla, kwa kuwa uchafu huimaliza nguvu: kikombe 1 cha jiki ya asilimia 3.5 katika vikombe 20 vya maji, iachwe dakika 10, kisha isuuzwe na tundu likauke juani. Mvuke wa jiki huumiza mapafu ya ndege haraka kuliko yetu, hivyo asirudishwe mpaka harufu iishe. Usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia.

Ndege akifa wakati kuna mtu anaumwa nyumbani, asitupwe jalalani wala kunyonyolewa. Lowanisha manyoya yake kwa maji ya sabuni, mfunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mweke mahali pa baridi pasipo na chakula, lakini asigandishwe kama anaweza kufikishwa siku hiyohiyo, na mpeleke kwa daktari wa mifugo kwa uchunguzi. Ini na bandama vilivyovimba vitampa sababu ya kuchukua sampuli za maabara, na jibu lake lipelekwe kwa daktari anayemtibu mgonjwa, likiwa limeandikwa.